Kwa wanaoanza kuendesha klasta kutoka ndani ya kihariri

Ukiingia kwenye timu ya mitambo hapa Nairobi, iwe Westlands au Ngong Road, hutakaa sana kabla ya kumwona mtu ambaye terminali haifungui kabisa. Podi zote (programu zinazoendeshwa) za Kubernetes, mfumo unaoendesha programu kwenye kundi la kompyuta liitwalo klasta, anazitazama ndani ya kihariri chake, Emacs au VS Code, kando ya msimbo, na logi anaitafuta maneno kama anavyotafuta kwenye faili yoyote. Utatamani kufanya vivyo hivyo, na ufanye. Mimi pia nafanya hivyo. Ila nina msimamo mmoja: kihariri kitumie kuisoma klasta, mabadiliko yapitie kwenye faili zilizo kwenye Git, hazina inayotunza historia ya kila badiliko.

Kabla ya yote, zoea kwa mkono kubectl, amri ya terminali ya kuzungumza na Kubernetes. Kiendelezi kama kubel cha Emacs huiita kubectl hiyo hiyo chini kwa chini, kwa hiyo mambo yakigoma utakacholetewa ni ujumbe wa kubectl. Asiyejua tofauti ya `describe` na `logs --previous` atakodoa macho tu podi ikiingia CrashLoopBackOff, yaani inaanguka na kuwashwa tena na tena.

Sasa konteksti, yaani mpangilio unaosema unazungumza na klasta ipi, na hapa usiwe na haraka. Faili ya `~/.kube/config` ina mstari wa current-context, na kila programu inayosoma faili hiyo inaufuata mstari huo mmoja, isipokuwa imetajiwa konteksti nyingine. Ukihama klasta kwenye terminali moja, terminali nyingine zote zimehama nawe bila kuambiwa. Viendelezi navyo havifanani. Cha VS Code, ukichagua klasta, huandika humo humo kwenye faili. Kubel hubeba konteksti yake yenyewe na kuipitisha kwa kila amri. Ndiyo maana terminali yako inaweza kuwa inatazama klasta ya majaribio huku dirisha la kihariri pembeni yake likitazama ile ya wateja, na podi za pande zote mbili zina majina yale yale. Halafu kumbuka kwamba kwenye kubel herufi k hufungua menyu ya kufuta. Kwa aliyelelewa na Vim, k ni kupanda mstari mmoja tu.

Dawa yake si kuwa makini zaidi. Saa nne usiku hakuna aliye makini. Weka klasta ya wateja kwenye faili yake peke yake, uifikie kwa kutaja KUBECONFIG, kigezo cha mazingira kinachosema faili ipi isomwe, kwa makusudi. Onyesha jina la konteksti kwenye mstari wa chini wa kihariri, na ikiwa ni ya wateja liwe jekundu. Muhimu kuliko hayo, mwombe msimamizi akupe haki za `view`. Hizi huja na Kubernetes yenyewe: unasoma karibu kila kitu kwenye nemspesi (sehemu iliyotengwa ndani ya klasta), lakini hufuti, hubadilishi, wala huoni Secret, yaani vitu vinavyotunza nywila na siri nyingine. Hakikisha kwa `kubectl auth can-i delete pods`. Jibu unalolitaka ni no. Wapo wanaoona kupewa haki hizo ni kudharauliwa. Mimi nina haki kubwa zaidi na bado siku nyingi natumia hizo.

Kuhariri kitu moja kwa moja kwenye klasta ni kutamu mno. `kubectl edit` hukifungua kwenye kihariri ulichokitaja katika KUBE_EDITOR au EDITOR. Ukihifadhi na kufunga, tayari kimeshaingia. Shida ni kwamba hakuna mwingine aliyeona. Chukulia ni mwisho wa mwezi, mishahara imeingia, miamala ya M-Pesa inamiminika, na mtu anapandisha replika, yaani idadi ya podi za programu ile ile, kutoka 3 hadi 8 kwa mkono. Alhamisi mwenzake anapeleka toleo jipya kutoka Git, zinarudi 3, na hakuna anayejua kwa nini mfumo umeanza kuzubaa. Kufungua faili ya Deployment, inayotaja idadi hiyo ya replika, kubadilisha namba, kuendesha `kubectl diff -f` kuona kitakachobadilika, na kuomba mwenzako aipitie hakukutoi kwenye kihariri hata kidogo. Kama moto unawaka na lazima uguse klasta, iguse, kisha andika badiliko hilo hilo kwenye Git kabla hujalala. Usinakili tu YAML iliyo hai, yaani maelezo ya kitu kama yalivyo kwenye klasta, na kuibandika huko: imebeba uid, resourceVersion na status, takataka za klasta zisizo na kazi kwenye hazina yako. Na ukibadilisha ConfigMap (kitu kinachotunza usanidi wa programu) inayosomwa kama vigezo vya mazingira, podi zinazoendelea hazitajua mpaka uziwashe upya kwa `kubectl rollout restart`.

Tangu Emacs 29, iliyotoka 2023, TRAMP, sehemu ya Emacs ya kufungua faili za mbali, inaweza kufungua faili iliyo ndani ya podi kana kwamba iko kwenye kompyuta yako. Ni nzuri kwa kuhakiki usanidi uliofika kweli. Utakachoandika humo kitakufa na podi. Podi zilizowashwa kutoka kwenye imeji (kifurushi cha programu) isiyo na sheli hazitakubali. Huko tumia `kubectl debug`.

Kuhusu mtandao: klasta nyingi tunazozihudumia ziko Ireland, Frankfurt au Cape Town, na stima ikipotea unabaki na hotspoti ya simu. Kiendelezi cha kubernetes-el huiuliza klasta hali yake kila mara, na Emacs inaanza kukwama. Maelekezo yake yenyewe yanapendekeza kuweka `kubernetes-poll-frequency` na `kubernetes-redraw-frequency` ziwe 3600, yaani saa nzima, kisha unabonyeza g unapotaka habari mpya. Fanya hivyo, na data yako itadumu.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni mabaki. Secret imefungwa kwa base64 tu, namna ya kuandika data ambayo yeyote anaweza kuirudisha, si usimbaji wa siri, na kihariri hupenda kutunza nakala: Emacs huacha faili zenye alama ya ~ mwishoni, Vim huacha .swp. Logi nazo mara nyingi zina namba za simu za wateja, na ukiihifadhi bafa hiyo (maandishi yaliyofunguliwa kwenye kihariri) kwenye laptopu umebeba data binafsi zinazolindwa na sheria ya Kenya ya 2019. Kwa Vim zima swapfile, backup na undofile unapofungua vitu hivyo. Kwa Emacs zima auto-save na nakala za akiba kwenye bafa hizo.