Bingwa wa Nafasi ya Saba: Majibu ya Barua Zenu

Toleo lililopita niligusia, mistari miwili tu, jinsi Western Bulldogs, timu ya mtaani kwangu hapa Footscray, magharibi mwa Melbourne, walivyotwaa ubingwa wa futiboli ya Kiaustralia mwaka 2016 baada ya kumaliza ligi wakiwa wa saba. Nilidhani imepita. Kumbe nimechokoza nyuki! Mmoja wenu ameniita mwongo, tena kwa herufi kubwa. Tuanze na huyo.

*

"Mwandishi, mimi ni mtu wa Jangwani tangu tumboni mwa mama, ligi naijua. Timu ya saba haiwi bingwa hata kwa mganga. Ama hukuelewa ulichokiona huko, ama unatuchezea akili. FAFANUA, MWONGO WEWE." – Mkereketwa, Magomeni

Mkereketwa, pole kwa presha. Sikuchezei akili. Mimi mwenyewe nilipofika hapa mwaka 2009 kutoka Tanga ilinichukua misimu miwili kulielewa hilo.

Hapa kuongoza ligi hakukupi kombe. Klabu zilikuwa 18, kila moja ikacheza mechi 22, kisha wanane wa juu wakaingia kwenye mtoano wa Septemba. Huo ndio unaotoa bingwa. Wanne wa kwanza wana upendeleo: ukifungwa mechi ya kwanza unapewa nafasi nyingine. Wa tano hadi wa nane hawana huruma hiyo. Ukifungwa, fungasha virago.

Sasa usidhani saba ile ilikuwa ya vibonde. Mwaka huo kinara, klabu ya Sydney, alishinda mechi 17. Bulldogs walishinda 15. Mechi mbili tu kati ya wa kwanza na wa saba! Wa nane, North Melbourne, alikuwa na 12, na huyo ndiye aliyekuwa kajiegesha.

Ila kushinda mechi 15 ni jambo moja, na safari iliyowangoja ni jingine. Walianza Perth, Alhamisi ya Septemba 8, dhidi ya West Coast, waliokuwa wamecheza fainali mwaka uliotangulia. Kutoka Melbourne kwenda Perth ni kama saa nne kwa ndege, na hakuna mtu hapa mtaani aliyewapa nafasi. Walishinda kwa pointi 47. Wiki iliyofuata wakawakuta Hawthorn, mabingwa mara tatu mfululizo, 2013 hadi 2015. Wakawatoa kwa pointi 23. Kisha wakaenda mji wa Sydney, nyumbani kwa GWS Giants, klabu nyingine ya mji huo, mechi ambayo hadi leo siwezi kuitazama marudio nikiwa nimekaa. Zimebaki dakika chache, mpira unamwangukia Jackson Macrae, kijana ambaye kufunga si kazi yake kabisa, anapiga, unapita. Pointi 89 kwa 83.

Fainali ilikuwa Oktoba 1, uwanja wa MCG hapa Melbourne, watazamaji 99,981. Uwanja wa Mkapa ukijaa, ongeza tena nusu yake na zaidi. Bulldogs 89, Sydney 67. Hakuna timu iliyowahi kuchukua kombe kutoka nafasi ya saba kabla yao.

Nimeeleweka? Herufi kubwa zako nimezisamehe.

*

"Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa michezo. Nimeona matokeo yameandikwa 13.11 (89). Hesabu hiyo inakwendaje? Wanafunzi wamenibana nikakosa jibu." – Mwalimu, Kilifi

Marahaba, Mwalimu. Kila upande una milingoti minne. Ukipiga mpira kwa mguu ukapita kati ya ile miwili mirefu ya katikati bila kuguswa na mtu, hilo ni goli, pointi sita. Ukipita pembeni, kati ya mrefu na mfupi, au ukigonga mlingoti mrefu, unapewa pointi moja ya kufutia machozi. Magoli 13 mara sita ni 78, jumlisha 11, unapata 89. Wenzao walikuwa 10.7, yaani 67. Waambie vijana wako wapige hesabu wenyewe.

Refa wa goli ndiye ninayempenda kuliko wachezaji wote. Anasimama kati ya milingoti kama askari wa lindo, mpira ukipita ananyoosha vidole viwili mbele, kisha anachukua bendera mbili nyeupe na kuzipunga. Ikiwa pointi moja, kidole kimoja na bendera moja. Mzee mzima, uso mkavu, na watu laki moja wanamsubiri yeye.

Mpira wenyewe ni wa umbo la yai lenye ncha. Usidanganyike ukiona wanavyoupiga. Siku moja nilikwenda nao bustanini na wanangu. Unaushika kwa mikono miwili, ncha ikiangalia chini, unauachia udondoke wima, unaupiga ile ncha ya chini ili uzunguke kurudi nyuma hewani. Mimi niliupiga tumboni. Ukaenda kuliani kwangu, juu ya boneti ya gari la watu. Tena wenyewe wakikimbia nao lazima waudundishe kila baada ya mita 15, na mpira wa umbo hilo unarudi unakotaka wenyewe. Mwanangu mdogo anaudunda sasa kama aliyezaliwa nao. Mimi nimeacha.

*

"Nimeona picha ya kocha akimvisha mtu medali yake mwenyewe na yule mtu analia. Ni nani huyo, na alifanya nini kwenye fainali?" – Dada S., Mwanza

Dada S., hakufanya lolote kwenye fainali. Hakucheza. Ndiyo maana ya picha hiyo.

Huyo ni Bob Murphy, nahodha. Alianza kuichezea klabu hiyo mwaka 2000, wala hakuihama. Ili uelewe uzito wake, uijue klabu kwanza. Footscray kwa miaka mingi ulikuwa upande wa viwanda, watu wa kazi za mikono, na wahamiaji wa kila aina. Wagiriki, Wavietnamu, Waethiopia, halafu akina sisi. Timu ilichukua ubingwa mara moja, 1954. Baada ya hapo, kiu. Mwaka 1989 ilikuwa ifutwe kabisa, iunganishwe na klabu ya Fitzroy, watu wa mtaa wakachanga fedha kuinusuru. Mara saba ilifika hatua moja kabla ya fainali, mara saba ikang'olewa. Murphy alikuwemo kwenye tatu kati ya hizo, 2008, 2009 na 2010, zilizofuatana kama misiba ya ukoo mmoja.

Mwisho wa 2014 mambo yakazidi kuharibika. Nahodha wa wakati huo aliondoka akaenda GWS, kocha naye akajiuzulu. Wakamleta Luke Beveridge, aliyewahi kuichezea klabu hiyo hiyo enzi zake, na unahodha akapewa Murphy. Timu ikaanza kucheza kama watoto waliotoroka shule. Pasi za ngumi za haraka haraka, katika nafasi ndogo, mtu wa tatu ameshafika kabla wa kwanza hajaachia.

Basi Aprili 10, 2016, mechi ya tatu ya msimu, dhidi ya Hawthorn. Dakika za mwisho kabisa, mpira unakuja juu, Murphy anarudi nyuma kuugombea, anatua vibaya. Goti. Kano imekatika, msimu umekwisha, na ana miaka 33. Mechi yenyewe wakafungwa kwa pointi tatu.

Nilikuwa natazama nyumbani kwa bibi jirani yangu. Yeye ndiye aliyenitia ugonjwa huu. Alikuwa na miaka tisa mwaka 1954, baba yake akambeba begani wakatoka kituo cha treni cha Footscray. Anayo hadi leo skafu ya wakati ule, bluu, nyekundu na nyeupe, sufu imeliwa na nondo sehemu mbili na kushonwa kwa uzi ambao rangi yake haikufanana sawasawa. Murphy alipoanguka yule bibi hakusema kitu. Aliivua skafu, akaikunja mara nne, akaiweka mezani karibu na buli. Nikajua huu si mchezo wa kuutania.

Zile mechi za Septemba zote Murphy alizitazama akiwa nje. Ulipofika muda wa medali, Beveridge, akiwa jukwaani, medali yake ya kocha bingwa ikiwa shingoni, akamwita Murphy apande. Akaivua, akamvisha, akamwambia ni yake. Halafu Murphy na Easton Wood, aliyekaimu unahodha, wakalinyanyua kombe pamoja. Medali yenyewe Murphy hakung'ang'ania. Aliirudisha baadaye.

Wapo hapa wanaosema kocha alifanya maigizo. Mimi nasema waache roho mbaya.

*

"Timu ya mwisho inashuka daraja?" – J.K., Bukoba

Haishuki. Hakuna daraja la kushukia. Tena wa mwisho anazawadiwa: vijana wapya nchini wanagawiwa kwa zamu, na anayeshika mkia anachagua wa kwanza. Nawaza viongozi fulani wa kwetu wangeufanyia nini mpango huo, nanyamaza.

*

"Je, kuna Waafrika wanaocheza huo mchezo, au ni wa wazungu tu?" – Msomaji, Kakuma

Umeuliza ukiwa mahali penyewe hasa. Kwenye ile fainali, mchezaji bora wa mechi alikuwa Jason Johannisen wa Bulldogs, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliyekuja Australia akiwa mtoto. Alisajiliwa kwa mlango wa uani, kwenye orodha ya wanaofanyiwa majaribio. Kabla yake, mwaka 2013, Majak Daw, aliyezaliwa Khartoum, aliichezea North Melbourne na kuwa mzaliwa wa kwanza wa Sudan kwenye ligi hii.

Lakini nataka nikuambie habari ya Aliir Aliir. Huyu kazaliwa hapo hapo ulipo, kambini Kakuma, wazazi wakiwa wamekimbia vita vya Sudan. Mwaka 2016 alikuwa beki wa Sydney, ndiyo kwanza msimu wake wa kuanza, na alikuwa akicheza vizuri mno. Mechi moja kabla ya fainali akaumia goti. Fainali ikampita. Kwa hiyo siku ile kila upande ulikuwa na mtu wake aliyekaa nje na goti bovu, mmoja akiwa amesubiri miaka 17, mwingine akiwa ndiyo kwanza anaanza. Watu wa Footscray tunamlilia Murphy, lakini mimi siku ile nilimwaza na kijana wa Kakuma. Aliir baadaye alihamia Port Adelaide, na mwaka 2021 akachaguliwa kwenye kikosi bora cha nchi nzima. Mtafute umtazame anavyoruka.

*

"Anko, shikamoo. Wewe fainali uliitazamia wapi? Na sasa hao Bulldogs wako wapi? Halafu nitumie jezi." – Kijana wa Chumbageni

Marahaba, mtoto wa nyumbani. Nilitoka zamu ya usiku kiwandani, tunaoka mikate, nikalala saa tatu, saa nane mchana nikawa kwa bibi jirani na wanangu wawili. Mapumziko Sydney wanaongoza kwa pointi mbili. Bibi hakai. Robo ya mwisho akahamia jikoni, akafungua bomba la maji hadi mwisho ili asisikie mtangazaji, akawa anaosha vikombe vilivyokwisha oshwa.

Halafu Dale Morris, beki mkongwe, akamdaka Lance Franklin wa Sydney, mpira ukamtoka. Ukamfikia Tom Boyd, kijana wa miaka 21 aliyesemwa vibaya mji mzima kwa ukubwa wa mshahara wake. Yuko mbali na goli, mbali kweli. Akageuka akaupiga. Ukadunda, sote tumeacha kupumua, ule mpira wa umbo la yai ambao unaweza kwenda popote. Ukaenda moja kwa moja. Yule mzee wa bendera akanyoosha vidole viwili.

Mwanangu akakimbilia jikoni akafunga bomba. Bibi akauliza, "Wao au sisi?"

Nje magari yakaanza honi Barkly Street na hayakunyamaza hadi nilipokwenda kazini usiku.

Mwaka uliofuata, 2017, mabingwa wakamaliza wa kumi, hata mtoano hawakuugusa. Murphy alirudi uwanjani, akamaliza msimu huo, akastaafu na mechi 312. Boyd alikuja kusema wazi kwamba alikuwa akisumbuliwa na sonona, na mwaka 2019 akaacha mpira akiwa na miaka 23. Mwaka 2021 walifika fainali tena, ikachezwa Perth kwa sababu ya korona, Melbourne wakawapiga kwa tofauti ya pointi 74. Bibi alizima televisheni mapema akaniuliza kama mikate imebaki.

Jezi ninayo moja tu, namba 2 mgongoni, ya Murphy. Haitoki. Dada yako akija Desemba nitampa mpira, mumsumbue nao baba yenu pale kwenye banda la baiskeli.