Swali la lugha: Mechi haipotei, watu hushindwa

SWALI: Naandaa makala kuhusu Miami Dolphins, timu ya futiboli ya Kimarekani iliyoshinda mechi zake zote mwaka 1972. Nimeandika hivi: "Miami Dolphins hawakupoteza mchezo wowote katika msimu wao kamili wa 1972." Mwenzangu anasema niandike "msimu mkamilifu". Nani yuko sahihi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Mwenzako yuko sahihi, na hilo tulimalize upesi, maana ndani ya sentensi hiyo hiyo kuna dudu kubwa zaidi ambalo nyote wawili mmelipita kana kwamba halipo.

"Kamili" ni neno la asili ya Kiarabu, halibebi kiambishi cha ngeli, na maana yake ni isiyopungua: saa mbili kamili, jina kamili, malipo kamili. Kwa hiyo msimu kamili ni msimu uliochezwa wote, basi. Mwaka 1972 kila timu ya NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, ilicheza msimu kamili wa mechi 14 za kawaida, kabla ya zile za mtoano, wakiwamo Houston Oilers walioshinda 1 na kushindwa 13. Hongera zao. "-kamilifu" ndicho kivumishi cha kitu kisicho na dosari, nacho hufuata ngeli: mtu mkamilifu, msimu mkamilifu. "Msimu" lenyewe lilitoka Kiarabu pia, likatumika na mabaharia wa pwani kwa majira ya kaskazi na kusi, kisha likaingia uwanjani bila kugombana na mtu.

Sasa tuje kwenye dudu lenyewe: "hawakupoteza mchezo".

"Poteza" ni "potea" iliyotiwa usababishi. Kitu kikipotea hakionekani, na aliyekipoteza ndiye aliyefanya kisionekane. Funguo hupotea, pesa hupotea, mtoto hupotea sokoni. Mchezo haupotei. Umechezwa mchana kweupe, watu wameulipia kiingilio, matokeo yamebandikwa ubaoni. Hata hivyo kila jioni taarifa za michezo zinatutangazia kwamba timu fulani "imepoteza mchezo ugenini", utadhani wachezaji wameusahau kwenye basi. Chanzo kinajulikana: Kiingereza hutumia kitenzi kimoja kwa funguo na kwa mechi, na mfasiri aliyechoka hunyakua kile cha funguo. Sisi tuna "kushindwa", kitenzi kizima, kisicho na kutu, kilichotufaa kwenye bao, ngoma na mieleka.

Na kwa kuwa umeileta Miami mwenyewe, hukuweza kuchagua timu mbaya zaidi ya kutetea kosa hili. Tuitazame fainali yao, Super Bowl ya saba, iliyochezwa Los Angeles Memorial Coliseum tarehe 14 Januari 1973 dhidi ya Washington. Robo ya nne, Miami wanaongoza 14-0. Mpiga mateke wao, Garo Yepremian, anajaribu kupitisha mpira kati ya milingoti kutoka yadi 42. Ungepita, ungeongeza pointi 3, na Miami wangemaliza ushindi wao wa 17 kwa 17-0. Haukupita. Bill Brundige wa Washington aliuzuia, mpira ukadunda na kurudi kwa Yepremian. Mpiga mateke mwenye busara huulalia mpira hapo hapo, mchezo ukaanza upya kutoka mahali hapo. Yeye aliuokota, akataka kuurusha mbele kama mrushaji wa timu, nao ukamponyoka mkononi. Akaupiga kofi ukiwa hewani. Mike Bass akaudaka na kukimbia nao yadi 49 hadi mwisho wa uwanja. Ubao ukasoma 14-7 huku dakika mbili na ushei zikibaki.

Haya, ndugu msomaji, nani alipoteza nini? Yepremian aliupoteza mpira. Kiswahili safi kabisa: ulikuwa mkononi mwake, ukatoka, akauona kwa mtu mwingine. Washington nao walipoteza mipira, kwani Jake Scott, beki wa Miami, alinasa miwili waliyorusha, akatangazwa mchezaji bora wa fainali. Lakini baada ya yote hayo Washington hawakupoteza mchezo. Walishindwa. Ukitumia "kupoteza" kwa yote mawili, msomaji asiyeujua mchezo huu atabaki akijiuliza kama kilichopotea ni mpira, mechi au akili ya Yepremian.

Futiboli hii ina kupoteza kwingine kulikokubalika, na ukikuacha makala yako itapwaya. Mchezaji anayekimbia na mpira akiangushwa nyuma ya mahali mchezo ulipoanzia, amepoteza yadi, nazo hukatwa kwenye jumla yake. Mercury Morris wa Miami alimaliza mechi 14 akiwa na yadi 991. Ndani ya hesabu hiyo alikuwa amekatwa yadi 9 kwa mpira uliodondoka katika mechi na Buffalo. Ligi ikaupitia upya mchezo huo, ikaona kosa lilikuwa la pasi ya nyuma aliyopewa, ikamrudishia yadi zake 9. Akafikisha 1,000 barabara, na mwenzake Larry Csonka alikuwa na 1,117. Ikawa mara ya kwanza timu moja kutoa wakimbiaji wawili wa yadi elfu katika msimu mmoja. Yadi zilipotea, zikatafutwa, zikapatikana. Nionyeshe mechi iliyowahi kupatikana namna hiyo nami nitanyamaza.

Tena kosa hili ni refu. Pima: "Washington walipoteza mchezo dhidi ya Miami kwa matokeo ya 14-7." Maneno kumi. "Washington walishindwa na Miami 14-7." Matano, na mshindi hajafichwa nyuma ya "dhidi ya". Tahadhari ni moja tu: "walishindwa" ikifuatwa na kitenzi hugeuka kuwa kutoweza, kama "walishindwa kufunga". Ifuate na "na" pamoja na jina la mshindi, au matokeo, na utata unakwisha.

Utaniuliza, je, "bila kufungwa"? Kwenye soka sina ugomvi nalo. Huku litakuponza, kwa sababu kufungwa ni pia kuruhusu pointi, na Miami waliziruhusu: 171 katika mechi 14, wao wakifunga 385. Waliomaliza na sifuri mbele yao ni Baltimore mara mbili na New England mara moja, waliokula 52-0. Buffalo waliwafunga pointi 23, Miami wakaponea kwa 24. Mtu akisoma "hawakufungwa" kisha akaona 24-23, atakuona mwongo.

Na hata "bila kushindwa" halitoshi kwa timu hii. Arsenal ya 2003/04 haikushindwa katika mechi 38 za ligi, lakini ilitoka sare 12. Canton Bulldogs, timu ya NFL ya 1922, hawakushindwa, wakiwa na ushindi 10 na sare 2. Mwaka 1972 muda wa ziada haukuwapo katika mechi za kawaida za NFL, hivyo sare ilikuwa jambo linalowezekana kila Jumapili. Miami hawakutoka hata moja. Chicago Bears walishinda mechi zote za kawaida mwaka 1934 na 1942, New England wakafanya hivyo 2007, na wote walishindwa kwenye fainali. Miami walishinda 14 za kawaida, kisha Cleveland 20-14, Pittsburgh 21-17, na Washington. Zaidi ya nusu ya mechi za kawaida waliongozwa na Earl Morrall, mrushaji wa akiba mwenye umri wa miaka 38, baada ya Bob Griese kuvunjika mguu katika mechi ya tano. Hayo ndiyo yanayobebwa na "mkamilifu", na ndiyo sababu neno hilo usilimwage ovyo kwa kila timu iliyofanya vizuri.

"Kupoteza pointi" kwenye ligi ya soka naliacha lipite. Pointi mbili zilizokuwa mkononi zikayeyuka dakika ya 90 zimepotea kweli. "Kupoteza maisha" limeshatuzoea na mimi nimechoka kupigana nalo. Lakini "kupoteza mchezo" halipiti hapa.

Andika: "Miami Dolphins walishinda mechi zote 17 katika msimu wao mkamilifu wa 1972." Na uache 1972 peke yake, ingawa fainali ilikuwa Januari 1973; Wamarekani huuita msimu wa futiboli kwa mwaka ulioanza, hawaandiki 1972/73.