Mausi Inayorukaruka

Swali: Shikamoo fundi. Nina kiduka cha kuchapa Ngamiani, Tanga. Kompyuta mbili zinatumia mausi moja isiyo na waya, kupitia swichi, kile kikasha cha kuhamisha mausi toka kompyuta moja hadi nyingine. Nikikopi picha za wateja kwenye diski ya nje, mshale unakwama, mara unaruka hadi pembeni. Betri ni mpya. Virusi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Virusi unavisingizia bure. Kachungulie: kipokezi cha mausi, kile kidude cha USB kinachonasa mawimbi yake, kimebanana na waya wa diski, sivyo? USB 3.0, ile ya kasi inayotumiwa na diski nyingi za nje, ikifanya kazi huvujisha kelele ya redio kwenye masafa ya 2.4 GHz, yaleyale ya mausi yako. Kichomeke kwenye waya wa kurefusha, kikae mezani karibu na mkono. Mimi nilishanunua mausi mpya, kumbe kelele ilitoka kwenye flashi tu! Ikigoma, ruka swichi, chomeka kipokezi kwenye kompyuta yenyewe. Ikitulia, huenda mbovu ni swichi.