Baba hataki kutolewa kibofu

SWALI: Shikamoo Mama. Baba yangu ana miaka 66, ni fundi makenika, ujanani alivua samaki Ukerewe. Alikojoa damu muda mrefu akisema ni joto la Dar. Wamemkwangua uvimbe, majibu yamesema saratani imeingia kwenye msuli wa kibofu. Daktari wa upasuaji anataka kibofu kitolewe, avae mfuko wa mkojo tumboni. Baba kakataa katakata, eti hawezi kuingia msikitini na mfuko. Daktari mwingine kataja mionzi pamoja na kemo, kibofu kibaki. Kaka zangu wanasema hiyo ni danganya toto. Ni kweli?
Binti wa Chanika

JIBU: Marahaba mwanangu. Kaka zako wamekosea. Hiyo ni tiba ya kuponya, mradi ifanyike yote: uvimbe ukwanguliwe kupitia njia ya mkojo mpaka usionekane, halafu mionzi, na dawa za kemo ndani ya wiki hizohizo za mionzi ili seli za saratani zisiihimili. Ukisikia "apigwe mionzi tu, kemo tutaona", uliza sababu. Huko Uingereza watafiti waliwapima wagonjwa 360, matokeo yakachapishwa mwaka 2012: baada ya miaka 2, kati ya waliopata mionzi na kemo, asilimia 67 ugonjwa haukuwarudia kwenye kibofu wala jirani yake. Wa mionzi peke yake walikuwa asilimia 54.

Lakini neno lililonishtua kwenye barua yako ni Ukerewe. Mtu aliyekulia ziwani huenda aliugua kichocho, na kichocho cha mkojo cha miaka mingi kinaweza kuzaa saratani ya kibofu ya aina nyingine, ya seli bapa. Ushahidi wa kubakiza kibofu umetokana zaidi na saratani ya kawaida ya utando wa kibofu. Hiyo ya seli bapa, kwa kawaida tunategemea kisu. Basi kabla familia haijagombana, chukueni karatasi ya majibu ya kinyama kilichokwanguliwa muulize: ni aina gani?

Ikiwa ni ile ya kawaida, wanaofaa zaidi ni wenye uvimbe mmoja usio mkubwa sana, uliokwanguliwa wote, figo hazijavimba kwa mkojo kuziba, na kibofu bado kinashika mkojo vizuri. Mzee anayeamka kila nusu saa kukojoa tangu kabla ya tiba, kumbakizia kibofu hicho si kumsaidia. Figo zikiwa dhaifu, sisplatini, moja ya dawa za kemo, haimfai, ila zipo dawa nyingine za kuandamana na mionzi.

Jiandaeni na safari. Ratiba moja inayotumika sana ni mionzi 20, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki 4. Kutoka Chanika hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road kila siku, kwa foleni zetu, na mkojo unaowaka na uchovu juu yake! Kama mna ndugu Upanga au Kariakoo, alale huko.

Na kibofu kikibaki, kamera nayo inabaki. Miaka ya mwanzo ataingizwa kamera kibofuni takriban kila miezi 3. Saratani ikirudi ndani ya msuli, kibofu kitatolewa, na upasuaji juu ya mwili uliokwisha pigwa mionzi ni mgumu zaidi. Mzee akubali hilo mapema. Asiyependa kurudi kliniki, mimi ningemshauri atolewe kibofu sasa.

Kuhusu msikiti, wapo wanaoswali na mifuko yao; mwenye udhuru ana hukumu yake, amuulize imamu. Nahisi lipo jingine asiloweza kukutamkia wewe binti yake: wanaume wakitolewa kibofu hutolewa na tezi dume, na nguvu za kiume mara nyingi huyumba. Mionzi nayo inaweza kuzigusa. Kaka yako mkubwa aende naye, na wewe ubaki nje dakika 10 wamuulize daktari waziwazi.

Sigara, kama anavuta, aache leo. Na msikae miezi mkibishana, saratani iliyo kwenye msuli haingoji kikao cha ukoo.