Kijana aliyeshonwa goti: kwa mnaoanza kazi ya fiziotherapia

Ukianza kazi kwenye kliniki ya mifupa hapa Nairobi, hutakawia kumpokea mchezaji chipukizi wa raga au soka ambaye goti limekwama. Mguu haunyooki, na ukijaribu kuunyoosha analia kwa maumivu. Usimlazimishe. Huenda kipande cha meniskasi, lile gegedu lenye umbo la mwezi mchanga, kimechanika kikajikunja katikati ya goti. Mpeleke kwa daktari wa upasuaji mapema, asikae wiki nzima akichuliwa.

Kwa vijana, daktari hupendelea kushona kuliko kukata, na ni vizuri mjue sababu ili mweze kumweleza mzazi. Ukingo wa nje wa meniskasi, kama theluthi hivi, hupata damu; sehemu ya ndani haipati. Mpasuko ulio karibu na ukingo ukishonwa unaweza kuunga. Kipande kilichochanika kikikatwa, mchezaji hurudi uwanjani baada ya wiki chache, lakini tangu maandishi ya daktari wa mifupa Fairbank ya 1948 inajulikana kwamba goti lililoondolewa meniskasi huchakaa. Mwenye miaka 17 atalitembelea goti hilo maisha yake yote. Kwa hiyo mwambie mapema, kabla ya upasuaji na kocha akiwepo, kwamba aliyeshonwa hungoja miezi 4 hadi 6, na zaidi kama kano ya msalaba ya mbele (ACL), iliyo katikati ya goti, nayo ilikatika.

Soma maelezo ya upasuaji kabla ya kumgusa. Mpasuko uliokata meniskasi kwa upana, au uliong'oa mzizi wake, huhitaji muda mrefu zaidi bila kukanyagia mguu huo.

Halafu muulize anakoishi. Naona hapa ndipo nyuzi nyingi za mshono huponea au kuharibikia, kuliko kwenye mazoezi yetu. Anakaa ghorofa ya ngapi, na lifti ipo? Choo ni cha kuchuchumaa? Kuchuchumaa hukunja goti kupita digrii 90 likiwa limebeba uzito wa mwili, na meniskasi hubanwa kwa nyuma, mahali pale pale penye nyuzi. Kwa wiki 4 hadi 6 za kwanza hilo halifai kabisa. Kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati kinatosha. Hakikisha kimepatikana kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Kwenye ngazi, mfundishe kwa magongo mkiwa hapo hapo hospitalini: akipanda atangulize mguu mzima, akishuka atangulize ulioshonwa. Kwenye matatu aombe kiti cha mbele kando ya dereva, maana viti vya nyuma havimpi nafasi ya kunyoosha mguu.

Nyumbani, mama ndiye atakayemlinda kuliko wewe, basi mwonyeshe naye kila kitu.

Mazoezi yakianza kuongezeka, fuata uvimbe. Goti likifura jioni, punguza ya kesho yake. Likifura na kukwama tena, mpigie simu daktari aliyemshona siku hiyo hiyo.