Mnaoniuliza kuhusu PhD ya kulipwa Sweden

Wadogo zangu mliosoma takwimu Mlimani na EASTC, kile chuo cha takwimu cha Dar, swali lenu ni moja: ni kweli Sweden mtu analipwa mshahara akisoma PhD, tena ya takwimu za mizigo? Na kama ni kweli, mbona shangazi analalamika kwamba hela haziji?

Ni kweli. Hapa Gothenburg mwanafunzi wa PhD ni mwajiriwa wa chuo. Halipi ada, ana likizo ya malipo, likizo ya uzazi na pensheni. Ni miaka minne, ila wengi hufundisha hadi asilimia 20 ya muda wao, hivyo hufika mitano. Mshahara wa kuanzia huzidi kroni 30,000 kwa mwezi. Karibu sehemu moja ya tano hukatwa kodi, kisha pango linameza kipande kikubwa, kwa sababu foleni ya nyumba za mkataba wa kudumu ni ya miaka na mgeni huishia kupanga kwa mpangaji mwingine. Cha kutuma kipo, cha kujengea hakipo. Shangazi, sikufichi.

Kazi yenyewe naipenda. Tangu 2018 Sweden huruhusu malori ya tani 74 kwenye baadhi ya barabara. Kwetu Tanzania, ukizidi tani 56 mizani ya malori ya Vigwaza haikuachii. Lori likibeba zaidi, gharama ya kila tani inashuka. Sasa je, mbao na karatasi zilizokuwa zikipanda treni zitahamia barabarani? Unachukua shehena mojamoja, bidhaa gani, uzito gani, imetoka wapi na inakwenda wapi, kisha unakadiria uwezekano wa mwenye mzigo kuchagua lori, treni au meli. SGR yetu, reli mpya ya kisasa, nayo inahitaji jibu la namna hiyo, na hilo ndilo linaloniamsha asubuhi.

Lakini sehemu kubwa ya siku ni kusafisha data. Juzi nimekutana na shehena ya mbao ya tani 38,000 ndani ya lori moja. Aliyejaza fomu aliandika kilo. Hiyo ni rahisi. Ngumu ni ile ya tani 3.8, ambayo huenda ni sahihi, huenda nukta imekosewa, na mwenye fomu humpati. Data za kampuni ni siri, hazitoki kwenye seva zinakolindwa, kwa hiyo usifikirie kuzifanyia kazi kitandani. Asiyevumilia hayo atateseka.

Upweke nao upo. Desemba jua linazama kama saa tisa na nusu alasiri. Wenzangu ni wema, ila hakuna atakayekugongea mlango bila miadi.

Kuomba ni bure. Nafasi zinatangazwa wazi kwenye tovuti za vyuo, na anayedai hela ili akuunganishe ni tapeli. Wanataka shahada ya uzamili, R au Python (lugha za kompyuta za kuchambulia data) uliyoitumia kweli, na andiko ulilolifanya mwenyewe. Aliyewahi kupima muda wa kontena kukaa bandarini Dar, aliseme hilo mwanzoni kabisa mwa barua, asilifiche chini ya orodha ya semina alizohudhuria. Barua zenu nitazisoma kabla hamjazituma; nileteeni walau wiki mbili kabla ya siku ya mwisho.