Muulize Fundi: Rejeta inapiga mluzi usiku kucha

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni fundi bomba huku Nkuhungu, Dodoma. Mwezi wa 12 naenda Chicago kumtembelea dada angu, kanunua nyumba ya kizamani ambayo inapashwa joto kwa mvuke, sasa anasema rejeta za sebuleni (yale machuma ya kupasha joto chumba) zinapiga mluzi na kutema maji afu ya chumba cha watoto juu haipati moto kabisa. Shemeji kaambiwa abadilishe vile vidude vya kutolea hewa, na dada kashatangaza ukoo mzima kuwa mdogo wake fundi anakuja. Fundi, mvuke mi naujua wa kwenye sufuria tu. Nisije kuumbuka, nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usiogope, adui ni yuleyule unayepambana nae hapa Dodoma kila siku, upepo kwenye bomba. Boila, yaani mtambo wa kuchemshia maji yawe mvuke, ikizima mvuke unageuka maji na mabomba yanavuta hewa ndani, ikiwaka tena ile hewa lazima itoke kwanza ndo mvuke upite. Kidude chenyewe, tukiite venti, kikiwa cha baridi kipo wazi, mvuke ukikifikia kinajifunga. Kikiziba kwa kutu au rangi rejeta inabaki baridi, kikishindwa kujifunga ndo huo mluzi.

Kwanza hesabu mabomba. Rejeta ya mvuke ya bomba moja ina bomba moja chini upande huu, na venti upande wa pili katikati ya kimo. Kama mabomba ni mawili usiguse, huo ni mfumo mwingine. Afu kabla hujanunua chochote shuka chini ya nyumba kwenye boila, mwishoni mwa bomba kubwa la mvuke utakuta venti kubwa, na hapa ndo wengi wanachemka, wanabadilisha za vyumbani zote wakati ile kubwa imeziba zamani, kwa hiyo hewa yote ya nyumba inalazimishwa kutokea kwenye vitundu vya rejeta, lazima zipige mluzi! Anza na hiyo kubwa. Ukiwa hapohapo cheki presha. Nyumba ya kawaida haitakiwi kuzidi PSI 2, na ikiwa chini ya hapo ni bora zaidi. Mtu asikudanganye upandishe presha ili joto lifike juu, utaongeza mluzi tu.

Kubadilisha kwenyewe ni kazi ya dakika 10. Zima boila, subiri rejeta ipoe kabisa (mvuke hauna utani, muulize mama lishe yeyote), fungua venti kinyume na saa. Tredi ni ya inchi 1/8, funga tredi tepu mizunguko miwili mitatu, kaza kwa mkono kisha spana kidogo, venti isimame wima. Usikaze kwa hasira, rejeta ni chuma cha kusubu na ukiharibu tredi utalala na shemeji kwenye baridi ya Chicago, sio hiki kibaridi chetu cha Julai.

Venti zina spidi tofauti. Sebuleni karibu na themostati (kidude kinachopima joto la chumba) weka ya polepole, chumba cha watoto weka ya haraka, maana sebule ikiwahi kupata moto themostati inazima boila na watoto wanabaki wanatetemeka.

Kutema maji mara nyingi wala sio venti. Weka pima maji juu ya rejeta, lazima ilalie kidogo upande wa bomba ili maji yarudi kwenye boila, ikilalia upande mwingine weka kibao chini ya miguu ya rejeta ya upande huo. Na valvu ya rejeta iwe wazi yote au imefungwa yote, nusunusu hapana, maji yatakwama na utasikia mabomba yanagongwa kama kuna mtu na nyundo.

Mwisho, mabomba ya kule chini yakiwa yamevikwa kitu cheupe kama plasta usikwangue wala kukigusa, kwenye nyumba za zamani inaweza kuwa asbesto, vumbi lake linaharibu mapafu. Rangi kuukuu ya rejeta nayo usiipige msasa, inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Venti za zamani usitupe, chemsha moja kwenye siki uone, zingine zinafufuka, za akiba hizo.